Sanduku Nililolikalia

Nilikwenda dukani kununua sukari, nikarudi bila sukari. Muuza duka, kijana mchangamfu asiyejua hata kidogo alichokifanya, alifungua karatasi ya kafuri mbele yangu ili ampimie mteja aliyenitangulia, na harufu ile ikanifika kabla sijajiandaa. Nyie mliokulia zama zetu mnaijua: baridi inayopanda mpaka kwenye paji la uso, na namna inavyokufanya ushushe sauti hata kama hukuwa ukisema neno. Wajukuu zangu wanaiona ni dawa ya mende tu. Mimi niligeuka nikatoka na pesa yangu mkononi, kwa sababu kwangu kafuri ni harufu ya sanduku la bibi yangu, na ya msimu mmoja wa karafuu ambao niliupitisha wote nikiogopa.

Tulikuwa tukikaa Jadida, pale Wete, kisiwani Pemba, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na baraza. Mama alifariki aliponizaa. Baba alivuka kwenda Mombasa baada ya Mapinduzi, akasema atarudi mwezi ukiandama, na miezi imeandama mingi tangu hapo. Tukabaki na Bibi, mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na shavu lililovimba kwa tambuu, mtoto wa wavuvi wa kijiji cha Wambaa ambaye hakuacha siku ipite bila kutukumbusha kwamba watu wa Wete hawajui kupika samaki. Nilikuwepo mimi, niliyekuwa darasa la pili, na alikuwepo kaka yangu Kombo, aliyekuwa kidato cha tatu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika kidato chochote. Kombo alipokuwa akisoma kwa sauti barazani, Bibi alikuwa akiacha kazi na kumsikiliza mdomo wazi, ingawa haelewi hata neno moja.

Babu alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Mkarafuu ni mti wa hadaa: tawi lake unaliona zima, limeshiba majani, ukaliegemea, na likakatika bila hata kukuonya. Mimi nilikuwa mdogo na sikumbuki kilio cha siku ile. Nakumbuka sauti ya nguo kuchanwa. Kwetu sanda ilikuwa ikichanwa kwa mikono, si kwa mkasi, na wazee walikaa chumbani wakichana ile bafta nyeupe, chaaa, kimya, chaaa, kimya, mpaka vikapatikana na vile vitambaa vyembamba vya kufungia maiti kichwani, kiunoni na miguuni. Nilisikia pia mtu mzima mmoja akimwelekeza mwenziwe kwamba wasikaze sana mafundo, kwani kule chini kaburini inabidi yafunguliwe. Neno hilo nililichukua nikaliweka, kama watoto wanavyoweka mambo yasiyowahusu.

Mwaka ninaousema, karafuu zilizaa kupita kiasi. Mikarafuu iliinama, na wachumaji hawakutosha. Ikatolewa amri kwamba wanafunzi wa sekondari waende makambini kuchuma, wetu wa Pemba na wengine waletwe kwa meli kutoka Unguja. Iliitwa kazi ya kujitolea, na kujitolea kwenyewe kulikuwa lazima. Mimi nililifikiria sana jambo hilo nikiwa nimekaa chooni, mahali pangu pa kufikiria, na sikupata jibu, na mpaka leo nina nywele nyeupe sijalipata.

Kombo alituletea habari wakati wa chakula cha mchana. Hakuinua macho kwenye sahani.

"Asiyekwenda kambini harudi darasani," alisema. "Na mtihani asahau. Mwalimu mkuu kasema mbele ya skuli nzima."

"Na weye hukuwaambia kuwa kichwa chako chazunguka?" Bibi aliuliza.

"Nimemwambia mwalimu wa darasa, Bibi."

"Kasemaje?"

"Kasema kila mtu ana kichwa."

Bibi alitema tambuu kwenye kopo, kwa nguvu. Kichwa cha Kombo kilikuwa habari inayojulikana mtaa mzima. Mara moja alipanda paani kuweka makuti mapya, na aliposhuka alikuja kwa kutambaa, amefumba macho, rangi imemtoka, na watoto wa jirani wakamwimbia wiki nzima. Ndiye huyo aliyetakiwa apande juu kabisa, kwenye vitawi vyembamba vyenye vishada vizuri, na kikapu kinaning'inia shingoni.

"Babu yako alizaliwa mikarafuuni na mkarafuu ukamwua," Bibi alisema. "Weye ulozaliwa Jadida wenda kupanda kwa lipi?"

"Nsipokwenda, Bibi, skuli basi."

Hakuna aliyemaliza kula. Nilielewa kwamba kuna mambo mawili mabaya na kwamba kaka yangu lazima achague moja. Sikuelewa kwamba alikuwa ameshachagua.

Siku chache kabla hajaondoka, nilitoka chuoni kusoma Kurani baada ya alasiri na msahafu wangu kifuani. Nilipokanyaga baraza, nikaisikia. Chaaa. Kimya. Chaaa. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Sauti ilitoka chumbani kwa Bibi, na ilikuja pamoja na ile baridi ya kafuri. Pazia la mlango lilikuwa limeachwa wazi kidogo, nikachungulia.

Sanduku la Bibi lilikuwa wazi. Lilikuwa sanduku jeusi la mbao lenye misumari ya shaba, na mimi sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi. Kitandani palitandazwa bafta nyeupe, ndefu, na Bibi alikuwa ameshika kitambaa chembamba alichokwisha kukichana. Kombo alikuwa amesimama katikati ya chumba mikono juu, kifua wazi, na Bibi alikuwa akimpima. Alikizungusha kiunoni, akakikunja mara nyingi kwa upana wa vidole, akakivuta.

"Kinakutosha," alisema. "Sasa tazama fundo. Ndiyo fundo la baba yangu lino, la Wambaa. Ukielemewa, lakaza. Ukivuta ncha ino, lafunguka mara moja tu. Vuta."

Kombo akavuta, fundo likafunguka.

"Nguo ilobaki nairejesha sandukuni, ingoje," Bibi akasema. "Na usimwambie mtu."

Nilirudi nyuma mpaka nikagusa ukuta wa jirani. Kila nilichokiona nilikuwa nakijua. Nguo ilikuwa ileile, na kuchana kulikuwa kulekule. Kitambaa kilikuwa cha kiunoni. Fundo lilikuwa la kufunguliwa kaburini. Na nguo iliyobaki ilikuwa ikingoja, na mtoto yeyote mwenye akili angejua inangoja nini. Bibi alikuwa akimshonea kaka yangu sanda, naam, sanda haishonwi, lakini mtoto hana neno jingine, na kaka yangu mwenyewe alikuwa amesimama mikono juu akikubali. Walijua wote wawili. Walikuwa wakinificha mimi tu.

Sikuuliza. Bibi alikuwa ametufundisha kwamba maneno huumba, na kwamba mtu anayetaja mauti ndani ya nyumba ameyaita kwa jina. Nikaona kwamba nikifungua mdomo nitakuwa mimi ndiye niliyemwua. Usiku wangu wote wa siku zile nilikuwa nikilala mkono mdomoni, nisije nikasema usingizini.

Walichukuliwa na gari mbili asubuhi moja, wanafunzi wamesimama nyuma wakiimba, kila mmoja na blanketi lake, sahani na kikombe. Walivyoimba ungedhani wanakwenda harusini. Kombo aliniinua akanibusu kipaji, na nilipomkumbatia nilikigusa kile kitambaa chini ya shati lake. Alikuwa amekwishafungwa kimoja. Nililia kwa sauti ambayo iliwafanya watu wa stendi wacheke, na Bibi akanivuta mkono akisema, "Nyamaa. Kakaako haendi Makka." Lakini mkono wake ulikuwa na unyevu.

Kuanzia siku hiyo nilihamia kwenye sanduku. Akili yangu ilinipa hesabu moja rahisi: nguo inangoja, ikitolewa, Kombo amekufa, isipotolewa, Kombo yu hai. Basi isitolewe. Nilikalia kifuniko. Nilikula hapo, nilidurusu sura zangu hapo, nilichambua mchele hapo. Bibi akinituma dukani nilikwenda mbio na kurudi nikihema, na kitu cha kwanza kilikuwa kuinama kwenye tundu la kufuli kunusa. Harufu ikiwa ndani, nilipumua. Misumari ya shaba iliniacha na alama kwenye mapaja.

"Nyumba nzima hukuona kiti?" Bibi aliniuliza.

"Hapa pana baridi, Bibi."

"Baridi," alisema, akanitazama kwa muda. Kisha akaniacha.

Na yeye alikuwa na lake. Ukimjua Bibi ungelitambua: wali ulianza kuungua. Alikuwa akisimama jikoni na upawa mkononi akisikiliza gari la Konde, upande ilikokuwa kambi ya Kombo, likipanda mlima, na mpaka lizime moto kule stendi hakuwa akikoroga. Karafuu zilikuwa zikianikwa kila mahali mjini, juu ya majamvi, kwenye mabaraza, mpaka kwenye kingo za barabara, na watu walikuwa wakifurahia harufu ile kwa kuwa ndiyo iliyolisha kisiwa. Mimi na Bibi tulikuwa tukiipita tumeziba pua. Wiki zilipita. Wali uliungua, na mimi nikakalia sanduku.

Halafu akaja Bi Mize. Alikuwa jirani yetu, muuza vitumbua pale stendi, mtu aliyezoea kuanza kucheka kabla hajafika mlangoni. Siku ile hakucheka. Ilikuwa bado mapema, jua halijafika juu, na sinia lake la vitumbua lilikuwa bado limejaa.

"Subalkheri, Bi Time," alimwamkia Bibi.

"Akheri, Bi Mize. Kuna n'ni?"

"Gari la Konde limekuja na habari." Aliweka sinia chini. "Kule kambini kwao, kijana wa skuli kaanguka mkarafuuni. Wanasema kafa."

Bibi alikuwa ameshika ufagio. "Mtoto wa nani?"

"Hawakumtaja, shoga yangu. Dereva naye kasikia tu."

Bibi aliusimamisha ufagio ukutani kwa uangalifu, kana kwamba ungeweza kuvunjika. Akaingia chumbani. Mimi nilikuwa nimekwishamtangulia, nimekaa, mikono imeshika kingo za kifuniko.

"Ondoka hapo," alisema.

Nilitikisa kichwa.

"Mwanangu, ondoka. Nataka kitu sandukuni."

"Usikitoe, Bibi." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasema juu ya jambo lile, na yalitoka kama pumzi tu. "Ukikitoa, Kaka atakufa."

Uso wake ulibadilika. Nadhani ndipo alipojua kwa nini pale palikuwa na baridi. Alinyoosha mikono akaninyanyua, na nilikuwa mzito, na nilimpiga teke, Mungu amrehemu, nilimpiga teke la tumbo. Aliniweka chini bila kunigombeza. Akafungua sanduku, akaitoa ile bafta, akaifunga ndani ya kanga yake kuukuu, akavaa buibui.

"Vaa viatu," alisema. "Sikuachi peke yako."

Tulipanda gari mpaka Konde. Njia nzima furushi lilikuwa kwenye mapaja yake na mimi nimebanwa ubavuni kwake, na kila gari liliporuka shimo harufu ya kafuri ilitupanda usoni. Mwanamume mmoja aliyekaa mbele yetu aliinusa, akamtazama Bibi, akainamisha kichwa na kuanza kusoma kimoyomoyo. Nilimchukia mtu yule kwa kisomo chake.

Konde kulikuwa na soko, na watu wakinunua na kuuza kana kwamba hakuna kilichotokea. Bibi alimwuliza mwenye duka moja njia ya kambini. Aliuliza kwanza, kwa adabu, "Huyo alofikwa, mwanangu, umemwona?"

"Sikumwona, bibi. Wanasema kijana mrefu, mwembamba."

Kombo alikuwa mrefu, mwembamba. Leo nikifikiri najua kwamba mwaka ule, kwa chakula kile, vijana wote wa Pemba walikuwa warefu na wembamba. Lakini sikujua hivyo wakati ule, na Bibi hakutaka kujua. Alisema ahsante, akageuka, na tukateremka bondeni kwa miguu, tukipita chini ya mikarafuu. Hakukuwa na mtu juu ya miti. Ngazi zilikuwa zimeegemezwa, vikapu vimeachwa chini, na makonyo, vile vijiti vya vishada vya karafuu, yametapakaa njiani yakivunjika chini ya viatu vyangu. Kimya kile cha shamba katikati ya msimu kilinitisha kuliko kilio. Nilishika ncha ya buibui la Bibi kwa mikono miwili.

Kambi ilikuwa mabanda ya makuti kandokando ya uwanja wa kuanikia. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini kwa safu, wengi wao. Mbele ya banda la kwanza palitandikwa jamvi, na juu ya jamvi palikuwa na mtu aliyefunikwa blanketi la kijivu.

Blanketi lile lilikuwa letu. Lilikuwa na alama ya pasi ya makaa kwenye kona, kahawia, yenye ncha, na aliyeiunguza ni Bibi mwenyewe. Niliiona mimi, na yeye akaiona wakati uleule. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, kama mtu aliyechoka, na furushi akawa amelibana kifuani, na midomo yake ikawa inakwenda bila sauti. Mimi nilisimama. Nilikuwa nikifikiri jambo moja tu, la kipumbavu: kwamba ningelimpiga teke kwa nguvu zaidi.

"Bibi."

Ilikuwa sauti ya nyuma yetu.

"Bibi, ni miye. Bibi."

Kombo alikuwa amesimama na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa mweusi kwa jua, viganja vimeiva kwa utomvu wa karafuu, macho yamevimba. Juu ya shati, kiunoni, alikuwa amefunga kile kitambaa, na hakikuwa cheupe tena. Bibi alimtazama bila kuinuka. Alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mguu, akakibana, kama anayehakikisha kuna mfupa.

"Nani yule?" aliuliza mwisho.

"Rafiki yangu. Wa Unguja. Tukilala ubavu kwa ubavu." Aliitua ndoo. "Alikuwa hodari kutupita sote, Bibi. Alikuwa akinicheka kwa kujifunga. Nimemfunika blanketi langu kwa kuwa lake alianguka nalo likaroa damu, alikuwa kalikunja begani la kuwekea kikapu."

Nitasema lililonipata. Nilifurahi. Mtoto wa watu amelala pale, na mimi nilikuwa na furaha mpaka nikataka kuruka, kisha nikamtazama yule aliyefunikwa na furaha ile ikanitisha kuliko hofu yote niliyokuja nayo. Nilijificha nyuma ya Kombo. Watu wazima nao nadhani walikuwa na furaha yao ya namna hiyo, kila mmoja na ya kwake, maana wazazi wengine walikuwa wamekwishafika na walikuwa wamewashika watoto wao mikono bila kutazamana.

Mwalimu msimamizi wa kambi alikuja. Alikuwa kijana, mtu wa mjini Unguja, na koti lake lilikuwa limefungwa kifungo kisicho chake. Alimwamkia Bibi kwa heshima.

"Mamake yuko wapi?" Bibi aliuliza, bado amekaa chini.

"Unguja, bibi. Tumepiga simu. Hakuna meli ya karibuni, na joto hili... Tutamzika hapa kijijini baada ya alasiri."

"Sanda mnayo?"

Mwalimu alitazama pembeni. Mnakumbuka madukani kulivyokuwa miaka ile. Nguo ilikuja ikipenda. "Tumetuma watu Konde, wamekosa. Tumechukua shuka kambini. Ina mistari kidogo, lakini ni safi."

"Mistari," Bibi alisema.

Alifungua kanga. Bafta ilikuwa nyeupe mno katika uwanja ule wa karafuu nyekundu mpaka wanafunzi wa safu ya mbele wakageuza nyuso. Kafuri ilitawanyika.

"Kino ni changu," alisema. "Nimejiwekea tangu mume wangu hajafa. Kimekoshwa kwa maji ya Zamzam, nimeletewa na alohiji. Kimepungua upande mmoja, nimechana kumfungia mjukuu wangu huyu, lakini chatosha. Mkafinini mtoto wa watu."

"Bibi," mwalimu alisema, "na wewe je?"

"Miye sijafa."

Hapo ndipo nilipojua sanda ilikuwa ya nani. Nguo ile Bibi aliiweka kwa ajili yake, akaichana ubavu ili imshike Kombo mtini, kwa sababu kamba ya makumbi ingemkata mbavu na kwa sababu aliamini kwamba nguo iliyosomewa dua kwa ajili yake mwenyewe haitakubali kubeba maiti ya mwingine. Nusu ya hofu yangu ilikuwa upuuzi wa mtoto. Nusu nyingine haikuwa upuuzi hata kidogo. Kwani asubuhi ile Bibi alilifungua sanduku na kuifunga nguo ile kwenye kanga akijua anamwendea nani. Nilikuwa nimeusoma moyo wake sawasawa.

Yule wa Unguja alizikwa alasiri ile. Wanaume walipanda naye kilima cha kijiji, Kombo akiwa amebeba mbele, na sisi wanawake tulikaa uwanjani. Bibi alimlilia kijana yule kama wake. Nilidhani tutarudi watatu. Nilikuwa nimekwisha kupanga nani akae wapi kwenye gari. Kombo aliporudi kutoka makaburini, Bibi alimwita, akamgeuza, akalifungua fundo la kiunoni akalifunga upya. Alilivuta mara nyingi.

"Bibi, twende naye," nilisema.

"Kesho waanza kuchuma tena?" alimwuliza Kombo, kana kwamba sikusema.

"Kesho asubuhi. Aliyeondoka leo hahesabiwi."

Niliwatazama wote wawili, na nilimwona Kombo akimwomba kwa macho. Hakika alikuwa akimwomba. Lau angetaja neno moja, nadhani Bibi angemburura mpaka Jadida na skuli ikafilie mbali. Hakulitaja, na Bibi hakumtajia.

"Usiifikie ncha ya tawi," alimwambia. "Zilizo nchani waachie ndege. Na fundo hili halitelezi. Weye tu usilifungue."

Akanishika mkono tukaondoka. Nilipiga kelele njia nzima ya bondeni mpaka sauti ikaisha, na Bibi hakuninyamazisha. Nilipomtazama niliona buibui likitikisika mabegani. Furushi lilikuwa kanga tupu. Harufu ilikuwa imebaki kule.

Msimu ulikwisha, kama misimu yote. Kombo alishuka kwenye gari kwa miguu yake, kakonda, ananuka karafuu mpaka kwenye nywele, akalala mchana kutwa. Alirudi darasani. Alifanya mtihani wake. Kile kitambaa Bibi alikifua mara nyingi na hakikutakata, akakikunja akakirudisha sandukuni kikiwa peke yake. Mimi niliacha kulikalia. Kwa akili yangu, nyumba isiyo na sanda haikuwa na wa kufa, na kwa miaka kadhaa niliishi bila hofu kabisa, mtoto mwenye raha kuliko wote Jadida.

Kisha Kombo akaajiriwa ualimu, na kitu cha kwanza alichomletea Bibi kilikuwa bafta mpya, nyeupe, na kafuri. Nilikuwa mwanamwali mkubwa, posa ziko mlangoni. Bibi alipoifunga ndani ya sanduku, niliketi juu ya kifuniko bila kufikiri. Alicheka mpaka tambuu ikamtoka.

"Kaa," alisema. "Kaa hata mwaka. Siku yangu haipiti hapo."

Haikupita hapo. Ilipita jikoni, asubuhi, wali ukiwa motoni. Tulimwosha mimi na Bi Mize na wanawake wa mtaa. Tulipofika kufunga, tulikuwa tumechana vitambaa vya kichwani na vya miguuni, na mlango ukagongwa kidogo. Ulikuwa mkono wa Kombo, umepita pembeni ya pazia, na kiganjani kile kitambaa cha zamani, kahawia kama chai. Bi Mize alinitazama, kisha akasogea kunipisha. Nilikifunga mwenyewe, kiunoni, fundo la Wambaa, nikiikisia njia ya ncha, kwa sababu sikuwahi kufundishwa. Nililiona mara moja tu, nyuma ya pazia.

Sisi wanawake hatwendi makaburini. Nilikaa barazani mpaka waliporudi, na nilikuwa na hofu ileile ya darasa la pili, kwamba nimekosea, kwamba litakaza. Kombo aliteremka kaburini mwenyewe kumpokea. Aliporudi alikuwa na udongo mpaka magotini. Aliketi karibu yangu, akavua kofia.

"Limefunguka mara moja tu," aliniambia.